Hedseti ya rubani: jinsi ya kuchagua inayozuia kelele, isiyoumiza kichwa na inayodumu

Na mwandishi wetu wa uchukuzi

Kwa kawaida hapa tunazungumzia malori, mizani na foleni za mipakani. Leo tunapanda juu kidogo, kwa sababu kuna msomaji wetu anayesafirisha vipuri na dawa za mifugo kwa ndege ndogo ambaye alitupigia simu akiwa amekereka. Yeye na mshirika wake wamenunua Cessna Caravan, wameajiri marubani wawili, na mmoja wa marubani hao ameomba anunuliwe hedseti ya zaidi ya dola 1,000. Swali lake lilikuwa fupi: hii ni anasa ya kijana au ni kifaa cha kazi? Kwa pesa hiyo, alisema, angenunua matairi mawili ya lori na chenji ikabaki.

Swali ni zuri, na halimhusu yeye peke yake. Mizigo inayovuka mipaka kwa ndege ndogo katika ukanda wetu ni mingi. Miraa inaondoka Kenya kwenda Somalia kwa ndege (biashara iliyosimama Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022). Kuna dawa, vipuri vya mitambo, simu, samaki, nyaraka, fedha na watu. Anayebeba vyote hivyo ni rubani aliyekaa futi chache kutoka kwenye injini, wakati mwingine peke yake, akisikiliza maelekezo ya redio kwa Kiingereza cha lafudhi nne tofauti katika siku moja. Asiposikia vizuri, mzigo wako uko hatarini pamoja naye.

KELELE YENYEWE IKOJE

Kwanza tuelewe tunapambana na nini. Ndani ya ndege ndogo ya propela kelele mara nyingi huwa kati ya desibeli 85 na 100, kutegemea aina ya ndege, nguvu ya injini na jinsi milango inavyofunga. Desibeli haziendi kama shilingi. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu akae kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, lakini kwenye 88 iwe saa 4, kwenye 91 saa 2, kwenye 94 saa 1. Ukifika desibeli 100, muda huo umebaki dakika 15. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele sehemu za kazi ni laini zaidi, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Hata kwa kipimo hicho, rubani anayeruka saa 6 kwa siku bila kinga nzuri anaharibu masikio yake.

Na masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Rubani hupimwa masikio anapohuisha cheti chake cha afya, kwa hiyo kwake si suala la uzee tu, ni suala la leseni. Kwako wewe mwenye ndege ni suala la kumpoteza rubani aliyekwisha zoea njia zako.

Jambo la pili ni aina ya kelele. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteza wateja kwa maneno magumu, ilhali hesabu yake ni ya shule ya msingi. Propela ya Caravan ya pangaboi tatu ikizunguka mara 1,900 kwa dakika, kila pangaboi linapopita linasukuma hewa mara moja. Gawanya 1,900 kwa sekunde 60, zidisha kwa 3, unapata mipigo 95 kwa sekunde, yaani hezi 95. Cessna 172 ya pangaboi mbili ikizunguka mara 2,400 inatoa hezi 80. Hiyo ni sauti nzito sana, ile unayoisikia kifuani kabla ya masikioni, kama mngurumo wa lori lililopakia likipanda mlima kwa gia ya kwanza.

Sasa, sauti nzito kama hiyo ina tabia mbili mbaya. Inapenya vitu. Kikombe kigumu cha plastiki chenye sifongo ndani kinazuia vizuri sauti nyembamba, kama mluzi wa upepo, lakini mngurumo wa hezi 80 au 95 unapita kwa kiasi kikubwa. Tabia ya pili ni kwamba sauti nzito ikiwa kubwa inafunika sauti nyembamba zilizo juu yake. Maneno ya redio yako takriban kati ya hezi 300 na 3,400. Kwa hiyo mngurumo unaweza kuyameza maneno ingawa hauko katika eneo lake. Rubani anaongeza sauti ya redio ili asikie, na hapo anajiumiza kwa redio badala ya injini.

AINA MBILI ZA HEDSETI

Hedseti ya kwanza ni ya kawaida, inayozuia kelele kwa ugumu wa vikombe na mkazo wake kichwani. Haina betri. Mfano unaojulikana dunia nzima ni zile za kijani za David Clark, kampuni ya Worcester, Massachusetts. Mtindo wao wa H10-13.4 umekuwa sokoni kwa miongo mingi na ukiingia karakana yoyote ya ndege utaukuta umening'inia mahali. Kiwango chake cha kuzuia kelele kwa kipimo cha Marekani, kinachoitwa NRR, ni desibeli 23.

Usidanganyike ukadhani unatoa 23 nzima. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani hufundisha kutoa 7 kwanza na kisha kugawa kwa mbili, kwa kuwa kipimo cha maabara hakina miwani, jasho wala nywele. 23 ukitoa 7 ni 16, nusu yake ni 8. Kama chumba kina desibeli 97, sikio linabaki na 89 hivi. Kwa jedwali la NIOSH hiyo ni kama saa 3, si siku nzima.

Hedseti ya pili ndiyo inayozuia kelele kwa umeme. Ndani ya kila kikombe kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele iliyopenya. Saketi inatengeneza sauti iliyo kinyume cha ile kelele, wimbi likipanda hii inashuka, na spika inaitoa papo hapo. Mawimbi mawili yanapokutana yanafutana. Njia hii inafanya kazi vizuri kwa sauti nzito na inadhoofika kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Ukifika karibu na hezi 1,000 msaada wake ni mdogo. Utaona basi kwamba umeme unashughulikia pale plastiki inaposhindwa, na plastiki inashughulikia pale umeme unaposhindwa. Hedseti nzuri ni yenye vyote viwili. Muuzaji akikusifia umeme tu na vikombe ni laini kama vya kusikilizia muziki, mwache.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Hataza ya Paul Lueg ya kufuta sauti kwa sauti ilitolewa Marekani mwaka 1936. Lakini kuifanya ikae kichwani mwa rubani kulichukua muda. Amar Bose alianza kuifikiria akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager walitumia vielelezo vya majaribio vya kampuni yake walipoizunguka dunia na ndege ya Voyager bila kutua. Mwaka 1989 Bose wakaanza kuziuza kwa marubani wa kawaida. Tangu hapo kampuni nyingine zimeingia, ikiwemo Lightspeed ya Oregon, na David Clark wenyewe nao wanatengeneza za umeme.

Rubani aliyezoea ya kawaida akiwasha ya umeme kwa mara ya kwanza hufikiri injini imezimika. Mimi nilipewa kuijaribu nikiwa kiti cha kulia katika safari moja ya mizigo. Nilikuwa nimevaa ya kawaida kwa saa nzima, kisha nikavaa ya umeme. Mngurumo ulishuka kama mtu aliyefunga mlango. Nilichoshangaa zaidi ni baada ya kutua. Kichwa hakikuwa na ule uzito niliouzoea nikishuka kwenye ndege ndogo. Uchovu huo wa mngurumo ndio ambao mwenye ndege haoni kwenye daftari, na rubani anaupata kila siku mwisho wa kazi, wakati anapotua uwanja wa mwisho na jua liko machoni.

STAREHE SI ANASA

Hedseti inayobana inavuliwa. Hii ndiyo kanuni yangu ya kwanza, na ndiyo sababu starehe inakaa kwenye kichwa cha makala hii. Rubani mwenye maumivu utosini atasogeza kikombe kimoja nyuma ya sikio, na hapo kinga yote imekwenda.

Watu huangalia uzito kwanza. Uzito una maana, lakini kinachoumiza zaidi ni mkazo wa pembeni na mahali upinde unapokaa juu ya kichwa. Chukua mfano huu. Bose A20, iliyotoka mwaka 2010, ina uzito wa kama gramu 340. Iliyofuata, A30 ya mwaka 2023, ni nzito zaidi, kama gramu 400. Hata hivyo kampuni inasema mkazo wake umepunguzwa kwa asilimia 20, na rubani wa safari ndefu atakuambia mkazo ndio anaousikia. Hedseti za kawaida haziwezi kulegeza sana, kwa sababu kinga yao yote inatokana na kubana. Zile za umeme zinaweza kulegea kidogo bila kupoteza mno.

Hapa kwetu kuna mambo ambayo kurasa za watengenezaji haziyagusi sana. La kwanza ni joto. Ndege iliyosimama uwanjani Dar es Salaam, Mombasa au Mogadishu saa saba mchana ni tanuri. Pedi za masikio zilizofunikwa kwa ngozi bandia zinajaza jasho, zinateleza, na baada ya miezi zinaanza kupasuka na kumenyeka. Pedi za jeli zinakumbatia uso vizuri lakini zina uzito na zinashika joto. Za sifongo ni nyepesi lakini zinalala mapema. Kuna vifuniko vya kitambaa vinavyovalishwa juu ya pedi, vya bei ndogo, vinavyofuliwa. Kwa marubani wa pwani mimi ningevinunua siku moja na hedseti.

La pili ni miwani. Miguu minene ya miwani ya jua inafungua mwanya kati ya pedi na fuvu, na kelele inaingia hapo kama maji kwenye bati lililotoboka. Mwambie rubani ajaribu hedseti akiwa na miwani yake ya kazini, ile yenye miguu myembamba. Kama hana ya namna hiyo, bei ya miwani hiyo ni ndogo kuliko kununua hedseti nyingine.

La tatu ni nywele, kofia na mitandio. Rubani mwanamke anayevaa hijabu ahakikishe anaijaribu akiwa nayo, na achague kitambaa chembamba kisicho na mikunjo chini ya pedi. Anayesuka nywele ajue upinde utakaa juu zaidi, kwa hiyo angalia kama mikono ya hedseti inarefuka vya kutosha.

Jaribio la dukani la dakika mbili halitoshi. Vaa dakika 30 mfululizo, hata kama muuzaji ananuna. Kama kuna sehemu inayowaka moto utosini kwa nusu saa, kwa saa nne itakuwa mateso.

PLAGI: HAPA NDIPO PESA INAPOTEA

Nimeshuhudia mtu akiagiza hedseti nzuri kutoka ng'ambo, ikafika, ikalipiwa ushuru, kisha ikashindikana kuingia kwenye ndege. Kabla hujaagiza, piga picha tundu la ndege yako na umpelekee muuzaji.

Ndege nyingi ndogo za Marekani kama Cessna na Piper zina matundu mawili. Moja ni la kusikilizia, lenye kipenyo cha milimita 6.35, na jingine la maikrofoni ambalo ni jembamba kidogo, milimita 5 na ushee. Helikopta nyingi zina tundu moja la plagi inayoitwa U-174. Ndege za Airbus hutumia plagi ya pini tano. Kuna pia tundu la pini sita, linaloitwa Lemo, ambalo linaipa hedseti ya umeme nguvu kutoka kwenye ndege yenyewe, hivyo huhitaji betri. Ndege zenye asili ya Ulaya ya Mashariki, kama Let L-410 na Antonov, ambazo zimefanya kazi nyingi ya mizigo Kongo, Sudan Kusini na Somalia, unaweza kukuta mfumo mwingine kabisa.

Adapta zipo na zinasaidia. Lakini adapta ya kawaida inabadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi umeme uliomo. Ndege za kiraia hutumia visikilizio vya upinzani mkubwa, mara nyingi kati ya omu 150 na 600, na baadhi ya za kijeshi hutumia omu 8 tu. Ukichanganya, sauti itakuwa hafifu mno au itakwaruza. Kwa L-410 au helikopta iliyowahi kuwa ya jeshi, mwite fundi wa mitambo ya redio za ndege apime kwanza. Ada yake ni ndogo.

BETRI IKIISHA ITAKUWAJE?

Hili swali muulize muuzaji mbele ya rubani. Hedseti ya anga iliyotengenezwa vizuri, betri ikifa, inaacha kufuta kelele lakini redio inaendelea kusikika na maikrofoni inafanya kazi. Inageuka kuwa hedseti ya kawaida. Baadhi ya visikilizio vya muziki vya kuzuia kelele hunyamaza kabisa au sauti hubadilika vibaya umeme ukikatika. Ndiyo sababu siungi mkono ule ujanja wa kuchukua visikilizio vya muziki na kubandika maikrofoni ya anga. Ni nafuu, na kwenye ndege ya starehe mwenye nayo atajua mwenyewe. Kwenye ndege iliyobeba mali za watu, hapana.

Hedseti za betri ndogo mbili za AA zina faida kwetu: betri hizo zinapatikana hata kwenye duka la pembezoni mwa uwanja wa vumbi. Bose A20 inakwenda saa 45 au zaidi kwa jozi moja. Nunua betri za alkalini zenye jina. Za bei ya kutupa zinavuja, na kemikali yake inakula vishikio. Hedseti ikikaa wiki mbili bila kazi, toa betri. Hii peke yake ingeokoa nusu ya hedseti ninazoziona mafundi wakizifungua.

Jambo jingine ambalo marubani wa zamani hulisema, na wana haki. Hedseti ikifuta mngurumo, inaweza pia kupunguza milio ya tahadhari isiyopita kwenye redio, na rubani anaweza kuchelewa kuhisi injini ikibadilisha sauti. Mwaka 2007 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa taarifa kwa waendeshaji wa ndege kuhusu jambo hili hili. Dawa yake ni rahisi. Siku ya kwanza rubani aiwashe ndege ardhini, ajaribu kila mlio wa tahadhari akiwa amevaa hedseti mpya imewashwa, na aandike upi hausikiki. Kama upo, azungumze na fundi kabla ya kuruka nayo.

KIPI KINAVUNJIKA KWANZA

Tuje kwenye kudumu, kwa maana wewe mwenye pesa unataka kujua itakaa miaka mingapi. Fundi mmoja niliyekaa naye benchi moja alinionyesha sanduku la maiti za hedseti. Spika zilikuwa nzima karibu zote. Kilichokufa ni waya, pale unapoingia kwenye kikombe na pale unapoingia kwenye plagi. Rubani akishuka anavuta waya badala ya plagi, au anauzungusha kwenye kikombe kama kamba ya mbuzi. Baada ya waya zinafuata pedi, sifongo ya maikrofoni, kifuniko cha betri, na bawaba za kukunjia.

Kwa hiyo unapochagua, acha kugonga plastiki kwa kidole. Uliza: pedi zake zinauzwa peke yake? Waya unabadilishwa bila kufungua kikombe? Mkono wa maikrofoni unaweza kuhamishiwa upande wa pili? Kampuni ikisema hedseti ikiharibika waya uirudishe nzima Marekani, hesabu gharama ya kusafirisha kwenda na kurudi na wiki ambazo rubani wako atakuwa akiazima. David Clark na Bose hutoa waranti ya miaka 5 kwa hedseti zao za anga, Lightspeed miaka 7 kwa mtindo wake wa Zulu 3. Waranti ni nzuri, ila soma inasema nani analipa usafiri. Wakati mwingine vipuri vilivyoko Nairobi vina thamani kuliko waranti iliyoko Oregon.

Hapa ndipo ile ya kijani ya kawaida bado inaheshimika. Haina saketi ya kuungua wala betri ya kuvuja, na karibu kila kipande chake kinanunulika. Kwa ndege ya kufundishia, au kiti cha pili kinachokaliwa na mtu tofauti kila siku, ningenunua hiyo bila kusita. Bei yake Marekani huwa kati ya dola 350 na 450, wakati A30 inapita dola 1,200 na Zulu 3 iko katikati. Na kuna ujanja wa marubani wenye mfuko mwembamba: wanavaa viziba masikio vya sifongo chini ya hedseti ya kawaida, kisha wanaongeza sauti ya redio kidogo. Mngurumo unapungua, maneno yanabaki. Unaonekana wa ajabu lakini unafanya kazi.

Kwa injini za pistoni kama Cessna 206, kuna jambo moja la kufikiria zaidi. Lightspeed walitoa mwaka 2022 mtindo unaoitwa Delta Zulu wenye kipimo cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ndani ya hedseti. Moshi wa ekzosi ukipenya chumbani kupitia ufa, hewa hiyo haina harufu wala rangi, rubani anasinzia tu. Kifaa cha kupima cha kubandika kwenye dashibodi ni nafuu zaidi, lakini sharti kiwepo na kitazamwe.

KUAGIZA NA KUVUSHA

Kwa wale wanaofikiria kuziuza, soko lipo ila ni dogo na lina macho. Marubani wanajuana. Ukimuuzia mmoja nakala bandia, kufikia Ijumaa uwanja mzima unajua. Nakala za hedseti zenye majina makubwa huuzwa mtandaoni kwa bei inayofurahisha. Kabla ya kulipa omba namba ya bidhaa na uipeleke kwa mtengenezaji akuthibitishie, na uulize kama waranti inakwenda kwa mnunuzi wa nchi yako. Hedseti zilizotumika nazo zipo, na nyingine ni nzuri, mradi ubadilishe pedi na sifongo za maikrofoni kwa ajili ya usafi.

Kwenye forodha, visikilizio vya kichwani, vyenye maikrofoni au visivyo nayo, viko chini ya namba 8518.30 ya mfumo wa kimataifa. Andika namba hiyo kwenye ankara tangu mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano la bidhaa zinazosamehewa ushuru, na ndani yake kuna kipengele cha shughuli za ndege. Kama wewe ni mwendeshaji mwenye leseni, mwambie wakala wako akisome kabla ya mzigo kufika, si baada. Anayeleta za kuuza dukani asitegemee msamaha huo.

Kama hedseti ina betri ya lithiamu ya kuchajiwa, shirika la ndege litataka itangazwe na kufungashwa kwa taratibu za betri hizo. Betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi ndani ya ndege ya abiria, haziwekwi kwenye begi linaloingia chini. Za AA za alkalini hazina usumbufu huo.

TULIMJIBU NINI

Msomaji wetu tulimuuliza maswali matatu. Marubani wake wanaruka saa ngapi kwa siku? Alisema kati ya 4 na 6, siku tano au sita kwa wiki. Ndege ina tundu la Lemo? Hakujua, alipiga simu uwanjani, akaambiwa halipo. Hedseti itakuwa ya nani rubani akiondoka? Hilo hakuwa amelifikiria.

Kwa saa hizo tulimshauri anunue ya umeme, ya betri za AA, plagi mbili za kawaida, na kila rubani awe na yake. Kuchangia hedseti ni kuchangia jasho na magonjwa ya masikio, na kila mmoja anairekebisha upya hadi bawaba zinachoka. Achukue na pedi za akiba jozi mbili, sifongo za maikrofoni nne na begi gumu. Ya kawaida moja ikae kwenye ndege kwa ajili ya dharura. Na waandikiane karatasi: kampuni inalipa nusu, rubani anakatwa nusu kidogo kidogo, baada ya miaka miwili inakuwa mali yake. Mtu hutunza kilicho chake.

Aligawa dola 1,200 kwa miaka mitano, akapata dola 240 kwa mwaka, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama wapakiaji wake nao wanahitaji kitu, maana husimama karibu na propela injini ikiwa inawaka. Wanahitaji. Vifunika masikio vya kawaida vya karakana vinatosha, na vinauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya usalama. Na wewe mfanyabiashara unayependa kupanda na mzigo wako, weka viziba masikio vya sifongo mfukoni. Viviringishe vizuri kati ya vidole, vuta sikio juu, ingiza, shikilia hadi vivimbe.